Wembe wa "Sheffield" usio na "England": usikimbilie kuutajia umri

Ndugu, umeuliza kama wembe wa kukunja uliourithi, wenye neno Sheffield (mji wa Uingereza uliotengeneza nyembe) bila England, ni lazima uwe wa kabla ya 1891. Huenda ni kweli, lakini usiupe umri kwa sababu ya neno ambalo halipo.

Hesabu hiyo inatokana na sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, ambayo kuanzia 1891 ilitaka bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka. Ndiyo maana nyembe zenye "England" au "Germany" kwa kawaida ni za baada ya hapo. Lakini wembe uliouzwa hukohuko Uingereza ulihusika nini na sheria ya Marekani? Mimi niliwahi kujigamba kuwa nina wembe wa miaka ya 1850 kwa hoja kama yako. Mzee mmoja akaugeuza mara moja, akauliza: "Na ubapa uliochimbwa hivi?" Nikanyamaa.

Yeye alitazama umbo. Nyembe nyingi za karne ya 18 hazina mkia wa kuegemeza kidole, au zina kijikia tu. Mkia mrefu ulizoeleka karne ya 19. Zielekeze ncha usoni kwako: za zamani ni nene kama kabari. Zile zilizochimbwa, yaani kunolewa zikabonyea, pande zote mbili hadi ubapa ukalia ukiguswa na ukucha zilienea mwishoni mwa karne hiyo, na mafundi wa Solingen, Ujerumani, walitia fora hapo.

Kisha soma chapa kwenye shina, kati ya ubapa na msumari wa mpini. Taji lenye WR ni la mfalme William IV wa Uingereza, 1830 hadi 1837, muda mfupi mtamu. VR ni ya malkia Victoria, miaka 63 na zaidi, kwa hiyo peke yake haikusaidii sana. "Silver Steel", yaani chuma cha fedha, isikutie tamaa. Mwanasayansi Faraday na fundi visu Stodart, wote wa Uingereza, walijaribu kuchanganya madini ya fedha kidogo na feleji miaka ya 1820, na watengenezaji wakalipenda jina. Fedha ya kwenda kuuza haimo.

Mpini niachie mwisho, maana huvunjika na kubadilishwa. Ila kama ni wa seluloidi, ile plastiki ya zamani, utenge leo hii. Ikianza kuoza hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma. Kutu ikikaa pale tu ubapa unapolala ndani ya mpini, ndiyo hiyo. Niliweka wembe mmoja wa mpini huo kisanduku kimoja na wembe wangu wa Eskilstuna, Uswidi, nikaupoteza ule mzuri. Wala usiupime kwa sindano ya moto, seluloidi hulipuka moto upesi.

Mashine ya kung'arisha usiiguse: joto hulegeza chuma, na chapa hufutika. Paka mafuta mepesi, futa kwa kitambaa, basi.

Weka picha nne: ubavu mzima, ncha ikielekea kamera, na shina pande zote mbili. Hapo tutaanza kubishana.