"Rack" si rafu: maneno ya kale ya Kiingereza kuhusu mawingu

Mkuu, kwa ajili ya lile shairi lako la Kiingereza umeuliza kwa nini kamusi inakwambia "welkin" ni mbingu wakati mwalimu wako anashikilia kwamba ni wingu. Wote wawili wako sahihi. Mimi somo hili nililipata kwa aibu.

Miaka ya nyuma vijana wa kikundi cha maigizo mtaani kwetu waliniomba niwatafsirie maneno ya mchawi Prospero kwenye The Tempest, tamthilia ya Shakespeare, pale anaposema minara, majumba ya fahari na dunia yenyewe vitayeyuka, "leave not a rack behind". Sikufungua kamusi. Nikaandika "bila kuacha hata rafu". Siku ya mazoezi, kijana aliyemcheza Prospero alifika hapo, akanyamaza, akanigeukia: "Mwalimu, rafu ya vyombo au ya mpira?" Mazoezi yaliishia hapo kwa vicheko.

Kilichoniuma zaidi, dalili ilikuwa mbele ya macho yangu: mistari michache juu yake ile minara imeitwa "cloud-capp'd", imevishwa kofia za mawingu. "Rack" ni yale mawingu mepesi yanayokimbizwa na upepo huko juu. Kwenye tamthilia yake nyingine, Hamlet, inasemwa kwamba kabla ya dhoruba "the rack stand still", mawingu yametulia tuli. Antony naye, kwenye Antony and Cleopatra, akiwa ameshindwa vita, anasema wingu lililokuwa farasi hufutika mara moja, likawa kama maji ndani ya maji. Hapo pia neno ni "rack". Ungeweka rafu hapo ungekimbiwa na watazamaji.

Turudi kwa "welkin". Kiingereza cha kale kilikuwa na "wolcen", yaani wingu, na Wajerumani mpaka leo wanasema "Wolke". Baadaye neno likapanda cheo, likawa mbingu nzima. Wanakwaya watapenda hii: Charles Wesley mwaka 1739 aliuanza wimbo wake wa Krismasi kwa "Hark how all the welkin rings", yaani sikia mbingu nzima inavyolia. Mhubiri George Whitefield ndiye aliyeubadilisha mwaka 1753, wakaingia malaika tunaowaimba leo.

"Sky" nalo ni hivyo hivyo. Lilitoka kwa watu wa Skandinavia likiwa na maana ya wingu, na Chaucer, mshairi wa karne ya 14, bado alilitumia hivyo. Na "cloud"? Hilo lilikuwa jiwe au kilima! Ukitazama lundo la wingu la masika linavyojijenga, utaona walivyofika huko.

Usiwacheke Waingereza. Kamusi zetu za karne ya 19 zina "uwingu", umoja wa mbingu. Liweke kando ya "wingu" uone.

Mengine nayapitia haraka. "Lour" ni kununa, ndiyo maana mwanzo wa Richard III mimi husema "mawingu yaliyoinunia nyumba yetu". "Woolpack", robota la sufi, ni lile wingu nene jeupe. Tangu Luke Howard, mfamasia wa London, alipoyapa mawingu majina ya Kilatini mwaka 1802, vitabu vinaliita "cumulus". Kwangu robota lilikuwa bora. Mabaharia wana "mackerel sky", mbingu yenye mistari kama mgongo wa kibua, na "mare's tails", mikia ya farasi, na wakiviona vyote viwili wanapunguza matanga. Hili mvuvi wa Feri utamweleza bila kamusi.

Kwa hiyo kwenye shairi lako, angalia kwanza limeandikwa lini. Kama ni la karne ya 18 au 19, kwenye "welkin" weka mbingu bila wasiwasi. La kale sana, jaribu wingu kwanza.

Mstari wa Prospero tuliumaliza kwa "pasibaki hata uzi wa wingu". Yule kijana sasa ana watoto wawili, na tukikutana stendi bado ananiita Mwalimu Rafu.