Nilivaa glovu, sikunawa

Juzi nimepata ujumbe kutoka Newala, kwa mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni muuguzi. "Shikamoo mwalimu. Nimeletewa wanafunzi wa mazoezi. Glovu wanavaa kutwa, kunawa hawanawi. Sisi ulituwezaje?" Machozi yalinitoka kwa furaha.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa uchungu. Nilikuwa mwaka wa pili wa uuguzi, wodi ya wazazi. Kulikuwa na mama aliyejifungua kwa upasuaji, kidonda kikavu, ruhusa ameshapewa. Nilivaa glovu, nikasogeza kitanda, nikashika faili, nikavuta pazia, na kwa glovu zile zile nikafungua kidonda. Siku ya tano akarudi kwa bodaboda, mtoto kifuani, nguo imelowa usaha. Siwezi kuapa kwamba vijidudu vilitoka mkononi mwangu. Lakini sista wa zamu aliniuliza mbele ya wenzangu, "Ulinawa?" Nikajibu, "Nilivaa glovu." Jibu lile linaniuma hadi leo. Linaniuma pia kwamba hakuna aliyekuwa amenionyesha tofauti.

Ndiyo maana hapa Mtwara siku ya kwanza sigawi notsi. Nakoroga manjano kwenye mafuta ya kula, nampaka mmoja kwenye glovu, kisha afanye kazi za asubuhi kwa mdoli: apime presha, ajaze chati, arekebishe dripu, amalizie na kidonda. Safari moja manjano tuliyakuta kwenye kalamu, kwenye kamba ya kitambulisho, shavuni alipojikuna, na katikati ya gozi nyeupe juu ya kidonda. Darasa lilinyamaza kimya.

Wanafunzi hunawa baada ya kugusa damu, kwa sababu wanajiogopea. Kabla, wanasahau. Shirika la Afya Duniani limetaja nyakati 5 za kusafisha mikono, na mbili za mwanzo ni kabla: kabla ya kumgusa mgonjwa, na kabla ya kazi safi kama kuweka kanula, kile kibomba cha dripu kwenye mshipa, au kufungua kidonda. Hizo mbili ndizo za mgonjwa. Mwaka 1847 kule Vienna, Ignaz Semmelweis aliwalazimisha madaktari na wanafunzi kunawa kwa maji ya klorini kabla ya kuwapima wazazi, na vifo vikashuka. Sisi wa leo, wenye sabuni, tunajitetea kwa nini? Shirika hilo hilo linasema katika nchi kama zetu, kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, 15 hupata angalau ambukizo moja hospitalini. Wauguzi wenzangu, mgonjwa hakuja kwetu kuongezewa ugonjwa!

Mwanangu, najua Newala maji ni ya kuhesabu. Hata hivyo beseni la kunawia wote liondoe, na taulo la wote pia. Weka ndoo ya koki mlangoni. Sabuni na maji, sekunde 40 hadi 60. Kitakasa mikono, 20 hadi 30, kama mikono haina uchafu unaoonekana. Glovu zibadilishwe, na mikono isafishwe kabla na baada. Nawa wewe kwanza, wakiwa wanakutazama. Manjano utayapata sokoni.