Jibu: Kaka anajipiga sikioni, kliniki wanasema "ndivyo alivyo"

Pole sana, dadangu. Umeandika kwamba kaka yako mwenye ulemavu wa akili anajipiga sikioni, na kliniki wanasema "ndivyo alivyo". Jibu hilo usilikubali. Mtu mwenye ulemavu wa akili akishindwa kusema anaumwa, huonyesha kwa mwili: hujipiga, hususia chakula, hukesha. Tabia ikibadilika ghafla, ugonjwa utafutwe kwanza. Mwambie daktari hivyo waziwazi, achunguze masikio, meno na tumbo. Kufunga choo huwatesa wengi wao na ni nadra mtu kuuliza. Kama kaka ana hali ya Down (ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao), omba pia apimwe tezi ya shingo na kusikia.

Andika karatasi moja ya kubeba kila mnapokwenda: dalili zake za maumivu, dawa anazotumia, anachoogopa, nani humtuliza. Uingereza wagonjwa kama yeye hubeba kijitabu cha aina hiyo hospitalini, na kuanzia umri wa miaka 14 huitwa kupimwa afya kila mwaka hata wakiwa wazima. Hapa Nairobi inabidi tudai wenyewe, na inaniuma kwamba asiye na mtu wa kumdaia hukaa na maumivu tu.

Foleni nayo humvuruga, kwa hivyo ongea na muuguzi mapema aonwe wa kwanza. Daktari azungumze naye mwenyewe, ampe kile kifaa cha kuchungulia sikio akishike kabla hakijamgusa. Binti yangu hakubali kupimwa presha mpaka aupapase ule mkanda kwanza.

Je, amesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu? Kama bado, anza utaratibu wiki hii.