Muulize kwanza tarehe

Wewe unayesoma stashahada ya sheria ili uwe msaidizi wa kisheria, nakuomba uanze na kitu ambacho mimi nilikijua nimeshachelewa: tarehe.

Nilikuwa fildi, kwenye ofisi ndogo ya msaada wa kisheria hapa Tanzania. Ijumaa moja akaja mzee, mlinzi, ameachishwa kazi. Barua alikuwa ameikunja mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Nilimsikiliza karibu saa nzima, nikajaza kurasa tatu za namna alivyoonewa, kisha nikamwambia arudi Jumatatu. Ijumaa ile ilikuwa siku ya 30 tangu aachishwe. Mgogoro wa namna hiyo unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ndani ya siku 30.

Jumatatu msimamizi wangu aliikunjua ile barua, akaangalia tarehe tu. "Huyu mzee ulimwona lini?" Nilishindwa kumtazama. Ikabidi mzee aombe kwanza kibali cha kuchelewa, ajieleze kwa nini amechelewa, kabla hata ya kufika kwenye madai yake. Inaniuma mpaka leo.

Sasa safu ya kwanza ya daftari langu ni tarehe. Anayetaka talaka namuuliza cheti cha baraza la usuluhishi wa ndoa kilitolewa lini, maana kikizidi miezi 6 kabla ya kufungua shauri hakifai tena.

Mipaka yako pia ijue mapema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inakutambua, lakini haikufanyi wakili. Mteja akitaka umsimamie mahakamani, mwelekeze kwa wakili siku hiyohiyo.

Halafu kuna lugha. Darasani unasoma hukumu kwa Kiingereza, mteja anakuja na Kiswahili chake. Zoea kuzisimulia nyumbani. Kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya 1983, nilimsimulia mama akiwa anapepeta mchele: Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa fedha alizopewa na mumewe ajenge nyumba alishazitapanya. Mama akaweka ungo chini. "Hata kupika kunahesabika?" Nikarudi kuisoma hukumu upya, safari hii taratibu, nikimtafutia jibu.