Grafaiti asilimia ngapi? Swali hilo peke yake litakula pesa zako

Juzi barobaro mmoja wa Mambrui kanitumia meseji: "Kaka, kuna jamaa auza hisa za shamba la grafaiti huko Taita, asema ni asilimia 18, nitie pesa?" Grafaiti ni yale madini meusi ya kaboni ya kwenye penseli na betri, na hiyo asilimia ni kiasi kilichomo ndani ya mwamba. Nikacheka kisha nikaudhika, maana hii hadithi naijua mpaka mwisho, na najua wengi wenu mnaosoma hapa mwatafuta njia ya kutoka kimaisha bila kungojea msimu wa watalii, kwa hivyo nisikizeni.

Mimi nilifanya kazi maabara ya mradi mmoja kusini mwa Tanzania, wenyewe kule huita madini ya kinywe, na kazi yangu ilikuwa kuchekecha tu. Mwamba wasagwa polepole, grafaiti yaeleshwa kwenye povu, yakaushwa, halafu waipitisha chekeche moja baada ya nyingine. Zile fleki, yaani vipande bapa vya grafaiti, zinazobaki juu, za zaidi ya maikroni 300 (maikroni elfu moja ni milimita moja), zang'aa kama magamba ya samaki na ndizo zenye bei. Vumbi linalopita chini ya maikroni 150 huuzwa rahisi, hata kama ndilo linaloendea betri, kwa sababu kule kwenye betri lataka lisafishwe mpaka asilimia 99.95 na liviringwe liwe vidonge vidogo, na katika kuviringa karibu nusu yatoka makapi. Na ukisaga kwa pupa wavunja fleki kubwa kwa mkono wako mwenyewe. Bosi alinitegemea sana kwa hilo, sisemi kujisifu.

Tazama mgodi wa grafaiti wa Balama, Cabo Delgado huko Msumbiji. Mwamba wake una karibu asilimia 16 na mzigo uliolala chini ni mkubwa ajabu, lakini sehemu kubwa ya kinachotoka ni fleki ndogo, na bei iliposhuka 2019 ikabidi mgodi upunguze uzalishaji. Mahenge, Morogoro, ni kama asilimia 8 tu, na bado POSCO, kampuni kubwa ya chuma ya Korea Kusini, ikatia pesa kwenye kampuni ya mradi wa huko, maana fleki ni kubwa na zasafishika.

Sasa hapa Malindi. Wazee wa mtaani kwetu waliletewa dalali, shati limepigwa pasi, na jiwe jeusi linalochafua vidole, na karatasi ya maabara. Tukiwa barazani nikaisoma ile karatasi. Imeandikwa kaboni yote, asilimia 18. Nikamuuliza, kaboni ya grafaiti peke yake ni ngapi? Akasema kaboni ni kaboni. Wallahi alisema hivyo! Nikaponda kipande cha lile jiwe, nikachukua ndimu iliyokuwa kwenye sahani ya viazi karai nikaikamulia pale juu. Unga ukatoa mapovu, chwaa. Grafaiti haichemki kwa ndimu, hiyo ni marumaru, nayo ina kaboni yake na ilikuwa imehesabiwa mle mle.

Ami yangu akanambia, "Wewe mwanangu usitie nuksi riziki za watu." Wakachanga. Dalali simu haipatikani mpaka leo. Na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyenambia ulisema kweli, ami tulikutana arusini akanipa mkono huku aangalia pilau.

Basi vijana, ulizeni! Mwaona haya ya nini na pesa ni zenu? Uliza kaboni ya grafaiti, si kaboni yote. Uliza fleki kubwa ni kiasi gani na ndogo ni kiasi gani. Uliza ikishaelea usafi wafika asilimia ngapi, 95 au haifiki. Narudia, uliza fleki. Halafu uliza barabara, maana hii si dhahabu ya kutia mfukoni, huuzwa kwa tani na lori na bandari vyala faida yote. Ukiambiwa hizo ni siri za kampuni, shika njia urudi nyumbani.

Na kabla ya yote hayo taka leseni. Kwa sheria ya Kenya madini ni ya umma hata yakiwa chini ya shamba la babu yako, kwa hivyo akikutolea hati ya shamba peke yake mwambie hii si leseni ya kuchimba, aende wizara ya madini akaitafute kwanza.