Kocha mpya tumpime kwa wasifu wake au kwa kazi aliyokabidhiwa?

Mwenzetu ameuliza swali linalogawa vijiwe kila klabu zetu za Kariakoo, Simba na Yanga, zinapobadilisha kocha: akitangazwa mtu ambaye hajawahi kutwaa ubingwa wowote mkubwa, je, mwanachama ana haki ya kuupinga uteuzi huo kabla hata mechi ya kwanza haijachezwa? Haki ya kuhoji anayo, maana kadi ya uanachama hailipiwi ili mtu anyamaze. Ila kwa niliyoyaona, nikiwa Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, wa kindakindaki, wasifu wa kocha si swali la kwanza. Maswali ya kwanza ni mawili: amekabidhiwa timu wakati gani wa msimu, na nani mwenye kauli ya mwisho juu ya usajili.

Nianze na watani zetu Simba, kwa kuwa mfano wao hauna ubishi. Tarehe 5 Novemba 2023 tuliwafunga mabao 5-1, na siku chache baadaye kocha wao Robertinho akaachana na Simba. Kabla mwezi haujaisha akatangazwa Abdelhak Benchikha, ambaye miezi mitano nyuma alikuwa ametunyima Kombe la Shirikisho Afrika akiwa na USM Alger, na baadaye akaongeza kombe la CAF Super Cup juu yake. Ukitafuta wasifu uliojaa, huo ndio. Fundi cherehani mmoja wa mtaani kwetu, Mnyama, yaani shabiki wa Simba, wa kuzaliwa, alibandika picha ya Benchikha na kombe lake ukutani, juu kidogo ya daftari la vipimo vya wateja, kiasi kwamba ukienda kupimwa suruali ni lazima umtazame. Lakini mwalimu huyo aliingia katikati ya msimu, akikuta kikosi ambacho hakukichagua, dirisha dogo la usajili la katikati ya msimu likiwa ndilo tegemeo lake pekee. Kufikia mwisho wa Aprili 2024 alikuwa ameondoka kwa sababu za kifamilia, na Simba ikamaliza ligi katika nafasi ya tatu, nyuma yetu na Azam, hivyo ikaikosa Ligi ya Mabingwa Afrika.

Kocha wa kudumu aliyefuata ni Fadlu Davids. Watani wengi walinuna, kwa hoja kwamba kama kocha mkuu jambo lake kubwa lilikuwa kuifikisha Maritzburg United fainali ya Kombe la Nedbank mwaka 2018, fainali ambayo hata hivyo alipoteza, na kwamba Raja Casablanca alikuwa msaidizi tu. Tofauti ni kwamba yeye aliletwa Julai, akapata kambi ya maandalizi nchini Misri pamoja na kikosi kilichofumuliwa na kusukwa upya, huku Clatous Chama akiwa ameshavuka barabara kuja kwetu. Msimu huohuo Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco na kutoka sare ya 1-1 Zanzibar, kwenye Uwanja wa Amaan. Ubingwa wa ligi hakuupata, tuliuchukua sisi, lakini sidhani kama kuna Mnyama mkweli atakayesema kwamba Benchikha aliwafaa kuliko Fadlu.

Sasa nyumbani kwetu Jangwani. Nasreddine Nabi alipokuja Aprili 2021 tulikuwa hatujaonja ubingwa tangu msimu wa 2016/17, na kocha Cedric Kaze alikuwa ametoka kufukuzwa mwezi uliotangulia. Septemba mwaka huo tukatolewa Ligi ya Mabingwa na Rivers United ya Nigeria katika hatua ya awali, tukifungwa 1-0 nyumbani na 1-0 ugenini. Mechi ya Dar es Salaam niliitazama katika kibandaumiza kimoja Tandika, na filimbi ya mwisho ilipopulizwa mzee mmoja alisimama juu ya benchi akitaka Mtunisia huyo arudishiwe nauli usiku uleule, naye akapigiwa makofi kuliko mchezaji yeyote siku hiyo. Jambo ambalo karibu hakuna aliyelitaja mle ndani ni kwamba baadhi ya nyota wapya hawakuweza kutumika kwa sababu vibali vyao vya uhamisho vya kimataifa vilikuwa havijakamilika. Hiyo ni kazi ya ofisi, si ya benchi la ufundi. Uongozi ukavumilia, na Kaze akarudishwa kuwa msaidizi wa Nabi, uamuzi ambao wengi tuliuona wa ajabu wakati ule. Msimu huo wa 2021/22 tukatwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi, na ule mwendo wa kutofungwa ukafika mechi 49, hadi timu ya Ihefu ilipoukatisha Novemba 2022.

Kwa nini nasisitiza suala la usajili? Niliwahi kuwa katibu wa timu moja ya mchangani, na nikashuhudia jinsi kocha anavyonyongwa kimyakimya. Tulimleta mwalimu aliyewahi kucheza ligi kuu, mtu wa heshima, anayefika mazoezini kabla ya wachezaji. Siku ya mechi aliandika majina kumi na moja kwenye daftari la kaunta. Mfadhili akalichukua, akakata jina la winga wa kushoto kwa kalamu nyekundu na juu yake akaandika jina la mtoto wa dada yake. Mwalimu alilitazama lile daftari, akalifunga, akaenda kuzungumza na vijana kama kwamba kikosi ni chake. Tulipofungwa, mashabiki walimzomea yeye. Kwenye klabu kubwa kalamu hiyo haionekani, lakini athari zake huonekana: mshambuliaji anasajiliwa, kocha hampangi, na kijiweni tunabishana kama kocha ana roho mbaya.

Limeulizwa pia suala la kocha mzawa na kocha mgeni, nalo sioni sababu ya kulirefusha. Zoran Maki aliyewahi kuinoa Primeiro de Agosto ya Angola alikaa Simba kipindi kifupi tu mwaka 2022 kisha akaenda Misri. Mzawa Juma Mgunda akashika timu, akaitoa Primeiro de Agosto hiyohiyo na kuiingiza Simba hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Pamoja na hayo, mwanzoni mwa 2023 akaletwa kocha mwingine kutoka nje.

Kwa hiyo, ndugu uliyeuliza, kabla ya kukusanya saini za kumkataa kocha huyo, muulize mwenyekiti wa tawi lako mambo ambayo ana wajibu wa kuyajua. Je, leseni yake inakidhi masharti ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, ya kukaa kwenye benchi katika mashindano ya Afrika? Amekuja na kocha wa viungo na kocha wa makipa wake, au amepewa waliopo? Orodha ya watakaoachwa dirisha dogo iliandikwa kabla ya mkataba wake au baada yake? Mwenyekiti akijibu hilo la mwisho kwa kusema kwamba orodha ilikuwa tayari, basi barua yenu ya malalamiko msiiandike kwa jina la kocha, iandikeni kwa kamati ya usajili.