Ini na kongosho kwa mpigo mmoja
Je, mgonjwa wa ini mwenye kisukari anaweza kupata ini na kongosho jipya kwa wakati mmoja? Ndiyo, inawezekana. Mwenye ini lililochoka na kisukari juu yake anaweza kupandikizwa ini na kongosho kwa pamoja, vyote kutoka kwa marehemu mmoja, ila ni upasuaji wa nadra. Unaofanyika zaidi ni wa figo na kongosho, ulioanzia Minnesota, Marekani, mwaka 1966.

Ini jipya peke yake haliponyi kisukari cha aina ya kwanza, maana insulini inatengenezwa na kongosho. Ndiyo maana wanaofikiriwa zaidi ni watu kama wenye sistiki faibrosisi, ugonjwa unaoweza kuharibu vyote viwili. (Kongosho la zamani kwa kawaida haling'olewi, linaachwa palepale.)

Kisukari kilicholetwa na sirosisi yenyewe, yaani ini kujaa makovu, ni habari nyingine: ini likibadilishwa, sukari inaweza kushuka bila kongosho kuguswa. Angalizo tu, takrolimasi na prednisoloni, dawa za kuzuia mwili usikatae kiungo kipya, zenyewe hupandisha sukari. Usishangae mtu akitoka wodini na ini zima huku bado anajichoma sindano ya insulini.